Mabaharia wakikufungia mtungi wa kuzamia, unakubali? Na nikikagua, namvunjia heshima mtu mzima?

MwalimuWaChake (Jumapili, saa 3 usiku)

Assalaam aleikum jamaa. Nna suala, na naomba wanaozamia na wanaofanya kazi kwenye boti wanijibu kwa ukweli, maana Jumamosi ijayo nnarudi baharini na mpaka sasa sijajua nitafanya nini.

Mie nasomesha sayansi skuli ya sekondari hapa Chake. Kuzamia nilijifunzia Unguja, kule Nungwi, mwaka juzi. Nimeshazamia mara 31, zote nimeziandika kwenye daftari. Kule tulipofundishwa kila mtu alifunga vifaa vyake kwa mkono wake. Unavisha jaketi la kuelea kwenye mtungi wa hewa, unakaza ukanda, unatazama oringi, ile pete ya mpira inayozuia hewa isivuje, unafunga kichwa cha regileta, yaani kifaa cha kupumulia, unaunganisha mpira wa kujazia jaketi hewa, unafungua koki ya mtungi, unapumua. Mwalimu wetu alisimama pembeni mikono nyuma, na ukikosea alikuacha mpaka ugundue mwenyewe.

Boti ninayotoka nayo huku Pemba haina utaratibu huo. Ukifika Wesha asubuhi unakuta kila kitu kimeshafungwa na mitungi imepangwa safu mbili katikati ya boti. Anayefunga ni mtu mzima, namwita ami, umri wake ni wa baba yangu. Ni mpole na kazi yake ni safi. Sijawahi kumsikia anapandisha sauti.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kisiwa cha Misali. Tulipotia nanga nikapeleka mkono kwenye mtungi wangu nitazame koki na oringi kama nilivyozoea. Ami akaniona. Hakunifokea, aliniambia taratibu tu, "Mwanangu, mitungi nimeanza kufunga weye hujazaliwa." Wageni wanne walikuwa wakitutazama. Nikaona haya, nikaondoa mkono wangu.

Tukajirusha upande wa magharibi, pale ukuta unaposhuka gizani. Mpaka mita 10 mambo mazuri. Tulipofika mita 18 pumzi ikaanza kuwa nzito, kama unavuta maji ya dafu kwa mrija uliobanwa na vidole. Nikatazama geji, kile kipimo cha hewa ya mtungini, inasoma bar 150 za mgandamizo. Nikavuta pumzi nikiwa bado naitazama, mshale ukaanguka mpaka 60. Nikiacha kuvuta, unapanda tena. Nikamwonyesha kiongozi wetu. Aliutazama mshale mara moja tu, akapitisha mkono nyuma ya shingo yangu, akageuza koki, na hewa ikaja. Pengine zilikuwa sekunde kumi na tano, lakini miguu ilinitetemeka mpaka tuliporudi botini.

Ami sikumwambia kitu. Kiongozi naye alinyamaza.

Basi, masuala yangu ni mawili. Nyinyi mnawaachia mabaharia wawafungie vifaa? Na huyu ami nimwambieje bila ya kumvunjia heshima? Nikinyamaza, mwengine anaweza kupata tabu zaidi yangu. Nikisema, naona kama ninamshitaki mzee mbele ya tajiri wake.

Kendwa_Mita18 (Jumapili, saa 4 na robo usiku)

Waaleikum salaam mwalimu. Pole sana, na alhamdulillahi umerudi salama. Mie naongoza wageni huku kaskazini ya Unguja, mwaka wa 9 sasa. Ulichokipata nakijua, na kabla hujamwekea ami lawama nisikilize kwanza.

Koki yako haikuwa imefungwa. Ilikuwa wazi kidogo, robo mzunguko hivi. Ikiwa hivyo, juu ya maji huwezi kugundua kitu. Mtungi umejaa, una bar 200, hewa inasukuma kwa nguvu hata kwenye upenyo mdogo, na pumzi yako ya juu ni nyepesi. Ukishuka mita 10, kila pumzi inachota hewa mara mbili ya ile ya juu. Mita 18 inakaribia mara tatu. Upenyo ni ule ule, wewe unataka mara tatu, na mtungi nao umeshaanza kupungua nguvu. Ndipo mshale unapocheza.

Ndiyo maana nawaambia wageni wangu wasitosheke na kupumua mara mbili na kutazama geji. Koki ikiwa wazi robo, mshale juu ya boti unaweza kutulia tuli. Dawa yake ni mkono. Shika koki mwenyewe, uigeuze kinyume cha saa mpaka igome. Halafu upumue mara nne tano za nguvu huku ukijaza jaketi kwa wakati mmoja, jicho lako liko kwenye mshale.

Sasa hiyo robo ilitoka wapi? Zamani ilifundishwa hivi: fungua koki mpaka mwisho, kisha irudishe robo, isije ikakwama ikiwa wazi. Wengi siku hizi tumeacha, koki inakuwa wazi yote au imefungwa yote. Lakini wapo waliobaki na robo yao. Na hatari kubwa ni yule anayekuja dakika ya mwisho, wewe umeshavaa na umekaa ukingoni, akakushika koki nyuma "kuhakikisha". Mtungi uko mgongoni kwako, yeye amesimama upande mwengine, boti inayumba. Anageuza mpaka inagoma, anadhani amefungua, kumbe ameifunga. Halafu anarudisha robo. Hapo unaondoka na robo ile ile iliyokupata Misali.

Hebu kumbuka. Kuna mtu alikugusa nyuma kabla hujajirusha?

Kwa huyo kiongozi wenu sina maneno laini. Ameona mshale unacheza mita 18, amefungua koki kwa mkono wake, kisha akapanda botini akanyamaza? Alitakiwa aseme pale pale, boti nzima isikie, na mitungi ya mbizi ya pili ikaguliwe mmoja mmoja.

Bi_Vuga (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Mwanangu, mie nitakupa upande mwengine. Nna miaka 58, mgongo wangu umepasuliwa mara moja, na nazamia hapa mjini, Bawe na Pange, na ile meli ya Kiingereza ya kutandika nyaya, Great Northern, iliyozama 1902 na imelala kwenye mita 12 tu. Mtungi wa alumini mtupu ni kilo 14 na zaidi. Ukijaa, hewa peke yake inakaribia kilo 3. Ongeza jaketi, ongeza risasi, yale madini ya uzito ya kukuzamisha. Nikisema nibebe na kufunga mwenyewe boti ikiwa inayumba kwa kusi, safari yangu itaishia hapo hapo.

Kwa hiyo mimi vijana wananifungia, wananivisha, na wakati mwengine wananishushia vifaa majini nivae humo humo. Wala sioni aibu, na sitaki mtu yeyote aniambie kuwa kusaidiwa ni uzembe.

Lakini nililipata funzo langu. Kwa miaka mitatu sikufunga kitu kwa mkono wangu. Nikasafiri kwenda Mafia, boti ndogo, mabaharia wawili, kila mtu ajifungie. Nikashika regileta nikasimama nayo. Sikukumbuka mpira wa jaketi unapita upande gani. Nilifunga kichwa kinyume, mdomo wa kupumulia ukatokea begani kushoto. Kijana wa watu alinisaidia bila kusema neno, lakini nilirudi nyumbani nimenyong'onyea kabisa.

Tangu hapo mtungi ananibebea mwengine, na anayefunga ni mie, nimekaa chini, mtungi umesimama mbele yangu katikati ya miguu. Siku mgongo ukikataa, anafunga yeye na mimi namtazama kila hatua, kisha nagusa kila alichogusa. Dakika tatu haziishi.

Baharia_wa_Matemwe (Jumatatu, saa 2 usiku)

Mwalimu, na wengine wote, salaam. Mie ndiye huyo mnayemzungumza. Si huyo ami wa Pemba, lakini kazi ni hiyo hiyo. Boti za Mnemba, mwaka wa 14 huu.

Nataka mjue asubuhi yangu ilivyo. Wageni wanane mbizi mbili ni mitungi 16. Wakati wa bamvua, maji yakitoka Matemwe, boti inalala mbali huko, na mitungi tunaibeba begani mmoja mmoja juu ya mchanga na mwani, wakati wageni bado wanakunywa chai. Nikishapanga, naanza kufunga. Ukanda wa jaketi nauchovya kwanza kwenye ndoo, maana ukiufunga mkavu, ukilowa unalegea na mtungi unateleza mgongoni kwa mtu. Oringi naipitisha ncha ya kidole, nikihisi mkwaruzo naitoa. Mpya nnazo kwenye kikopo cha mafuta ya nywele. Geji nailaza uso wake kwenye mtungi, ndipo nafungua koki polepole, kwa sababu kioo kikipasuka kisije machoni kwa mtu. Kisha nategesha sikio. Hewa inayovuja utaisikia kabla hujaiona.

Sasa hapa msikilize vizuri, maana hili silisikii likisemwa. Nikishahakikisha, koki naifunga tena. Safari ya kwenda mwambani ina mawimbi, mdomo wa regileta ukigonga ubao unaweza kufyatuka na kumwaga mtungi mzima kabla hatujafika. Kwa hiyo mitungi inasafiri imefungwa. Lakini hewa imebaki ndani ya mipira, na geji inasoma 200 vile vile! Mgeni akija akatazama geji, anaona 200, anafurahi. Akijirusha hivyo, atavuta pumzi chache tu, kisha hakuna kitu. Tukifika napita nafungua zote. Zote nane. Huku mmoja ananiuliza miwani yake iko wapi, mwengine anatapika ukingoni, nahodha anapiga kelele mkondo umeanza. Mie ni binadamu, yakhe. Siku moja nitaruka mmoja.

Na mbizi ya pili ndiyo mbaya zaidi. Mikono imelowa, watu wanakula tikiti maji, kila mtu anaongea, na kazi ni kuhamisha jaketi na regileta kutoka mtungi mtupu kwenda uliojaa. Nimewahi kumrudishia mgeni mtungi ule ule aliotoka nao, una bar 70. Yule mama alitazama geji, akaniita pembeni kwa sauti ya chini, "Kaka, huu si mpya." Nilimshukuru pale, nikamshukuru tena tuliporudi ufukweni, na mpaka leo namkumbuka nikishika mtungi wa pili.

Basi mwalimu, ukinikagua hunitukani hata kidogo. Likitokea la kutokea, askari atamtafuta aliyefunga, na aliyefunga ni mie. Jicho lako kwenye mtungi linanilinda na mie.

Ninachoomba ni adabu ya wakati. Kagua tukishatia nanga, kabla hujavaa. Kuna wageni wanakaa wamevaa mpaka mapezi, nahodha ameshahesabu, ndipo wanataka kufungua kila kitu upya, na wenzao wanasubiri juani. Pia usiguse mtungi wa mwenzako. Na ukibadilisha kitu, niambie, nisije nikakirudisha nilivyokizoea.

Kuhusu ami. Usimwambie mbele ya watu, na usianze na lililotokea. Nenda mapema, boti ikiwa bado iko kavu, umwambie, "Ami shikamoo, nifunze unavyofunga." Mtu mzima wa bahari akiombwa afunze hakatai. Mkono wako ukiwa karibu na wake, la koki litakuja lenyewe.

Fundi_Kompresa (Jumanne, saa 5 asubuhi)

Naongeza moja tu, limesahauliwa. Nyote mmezungumza hewa ya kawaida. Ikiwa mtungi una naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, kipimo cha oksijeni usimwachie mtu yeyote, hata mie ninayeijaza. Kishike mwenyewe, usome, uandike kwenye mtungi. Mchanganyiko wa asilimia 32 kikomo chake ni mita 33 hivi. Ukichanganyiwa mtungi ukapewa wenye oksijeni zaidi ya hiyo, ukashuka ukidhani ni hewa ya kawaida, oksijeni inaweza kukutia kifafa chini ya maji bila dalili yoyote. Mitungi kwenye boti inafanana. Baharia anafunga kinachomjia mkononi.

MwalimuWaChake (Jumamosi, saa 2 usiku)

Jamaa, nimerudi, na nna ya kueleza.

Kaka wa Matemwe, nilifanya ulivyosema. Nilifika Wesha saa 12 na nusu asubuhi. Ami alikuwa peke yake na ndoo yake. Nikamsalimia, nikamwambia nataka anifunze. Alinitazama kidogo, kisha akasogea kunipa nafasi.

Mikanda yake nayo anaichovya kwanza. Nilipomwambia yuko mtu Matemwe anafanya hivyo hivyo, alifurahi mpaka akacheka. Oringi hatazami, anaihisi tu, na nilipomuuliza akasema jicho la karibu limeshakwenda, kazi yote sasa anaifanya kwa vidole. Akanishika mkono akaniwekea kidole changu kwenye oringi nzuri, kisha kwenye mbovu aliyoichomoa mfukoni. Ile mbovu ina ufa mdogo kama unywele. Mie mwenye macho mazima nisingeuona.

Tukafika kwenye koki. Akaifungua. Nikaisikia inazunguka, inazunguka, mpaka ikagoma. Hakurudisha robo. Nikamuuliza, "Ami, hurudishi kidogo?" Akasema, "Niirudishe kwani imekosea nini?"

Hapo moyo ukanipasuka, kwa sababu wiki nzima nilikuwa nikimdhania yeye. Nikamweleza yote, tangu mita 10 mpaka mita 18. Alinyamaza muda mrefu, ameshika ule ukanda uliolowa. Kisha akaniuliza suala lile lile la Kendwa. "Ulipokaa ukingoni, nani alikuwa nyuma yako?"

Na hapo nikakumbuka. Ulikuwepo mkono. Kijana anayekaa omo, mpya, hajatimiza miezi miwili kazini, ndiye anayewashika watu wasianguke kabla hawajajirusha. Alinigusa nyuma, nikasikia kitu kinazunguka, nikadhani ananikaza ukanda.

Ami alimwita alipokuja. Hakumfedhehesha. Alimpa mtungi, akamwambia, "Nionyeshe unavyohakikisha." Kijana akaugeuza kama tulivyosomewa hapo juu, mpaka ikagoma, akarudisha robo. Alikuwa ameifunga. Alifunzwa hivyo kwenye boti nyengine, na mtungi ukiwa umesimama mbele yake hakosei, ila ukiwa mgongoni kwa mtu anapotea upande. Uso wake ulivyobadilika alipojua, nilimwonea huruma kweli. Alinifuata kuniomba radhi mara mbili.

Ami amepanga kwamba mtu akishakagua koki yake mwenyewe, baharia hatoigusa tena. Kijana atashika bega la mtu tu, na atauliza kwa mdomo. Kiongozi naye amesema mbele yetu sote kwamba alitakiwa aseme wiki iliyopita.

Leo nimefunga wangu, ami amenifungia mkanda wa risasi kwa sababu kiuno changu kinanishinda kukaza peke yangu, na nimemwachia bila wasiwasi. Mita 18 nilisimama kwa makusudi pale pale ukutani, nikavuta pumzi tatu za nguvu huku natazama geji. 140, na mshale umetulia.

Bi Vuga, ile ya kukaa chini na mtungi katikati ya miguu nimeijaribu. Ami ameipenda kuliko mie, amesema magoti yake yatamshukuru aliyeileta.

Baharia_wa_Matemwe (Jumamosi, saa 4 usiku)

Mashaallah mwalimu. Mfikishie ami salamu zangu. Na huyo kijana msimtoe kwenye kazi ya ukingoni. Mwambieni tu afunge kipande cha kitambaa kwenye mkono wake wa kushoto, akisimama nyuma ya mtu asichanganye pande. Mie nilifungwa hivyo miezi yangu ya mwanzo.